Redio, Kizindaalo na Simu: Mbuya Inamwamini Nani?

Imani ya wananchi kwa vyombo vya habari haipimwi kwa idadi ya wanaosikiliza. Mtu anaweza kufungua redio kila asubuhi, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza jirani kama aliyoyasikia ni kweli. Kinachotenganisha kusikiliza na kuamini ni mambo mawili: msikilizaji kuwa na njia ya kuihakiki habari, na kuwa na njia ya kumjibu aliyeitoa. Zikiwepo njia hizo, hata chombo kidogo huheshimiwa. Zikizibwa, kituo chenye mnara mrefu kuliko vyote hubaki na wasikilizaji wasiokiamini.

Jambo hili linaonekana vizuri Mbuya, kilima kilicho kama kilomita 8 mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, katika Divisheni ya Nakawa. Kilimani pana hospitali ya jeshi, ofisi za Wizara ya Ulinzi, makao ya ujasusi wa kijeshi uliojulikana kwa miaka mingi kwa kifupi cha CMI, na majumba ya wenye uwezo yaliyozungushiwa kuta. Pana pia parokia ya Kikatoliki ya Mama Yetu wa Afrika. Ukiteremka kuelekea Kinawataka, mambo hubadilika: vyumba vya kupanga vilivyobanana, mitaro, vibanda vya chapati, mafundi, vijiwe vya boda boda. Jirani tu, Bugolobi, ndiko iliko Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, inayotoa leseni za utangazaji na kuzifuta. Kwa hiyo katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu wanakutana wanaosikiliza habari, wanaotajwa kwenye habari, na wanaoamua nani aruhusiwe kutangaza.

Sauti ya mtaani

Chombo cha habari kilicho karibu zaidi na mkazi wa mitaa ya chini ya Kampala si redio wala runinga. Ni kizindaalo: vipaza sauti viwili au vinne vyenye umbo la tarumbeta, vimefungwa juu ya nguzo ndefu na kuelekezwa pande zote za mtaa. Waya hushuka mpaka kibandani, mara nyingi duka dogo au mahali pa kuchajia simu, ambako pana amplifaya na maikrofoni. Mwenye tangazo huja na maneno yake, hulipa kiasi kidogo, na mtangazaji huyasoma alfajiri kabla watu hawajatawanyika, au jioni wakiwa wamerudi. Mtoto amepotea, amevaa sweta ya shule. Kitambulisho cha taifa kimeokotwa. Fulani amefariki, mazishi ni kesho kijijini, gari litaondoka saa tatu. Maji yatakatwa. Chanjo ya watoto itatolewa nyumbani kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Anayesoma matangazo hayo kwa kawaida hajasomea uandishi wa habari, lakini anachosema huaminiwa papo hapo, na sababu zake hazina fumbo. Anajulikana kwa jina, kwa sura na kwa nyumba anayolala. Akitangaza kwamba mtoto amepatikana kumbe hajapatikana, uongo huo hauvuki saa moja kabla mama wa mtoto hajafika mlangoni kwake. Karibu kila anachokitangaza kiko umbali wa kwenda kukiona kwa macho. Na anayekosewa hahitaji wakili wala barua kwa mhariri. Hoja huisha barazani mbele ya majirani. Ndiyo maana hata wahudumu wa afya, wakati wa chanjo na wakati wa janga la korona, walivitumia vizindaalo kufikisha ujumbe pale ambapo mabango yalisomwa na wachache.

Hata hivyo kizindaalo kina mipaka yake. Kelele zake ni kero ya kweli kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga na kwa mlinzi aliyekesha usiku kucha, na mamlaka zimevipiga vita mara kwa mara kwa sababu hiyo na kwa sababu havina leseni ya utangazaji. Zaidi ya hapo, mwenye kizindaalo anaishi kwa hisani ya viongozi wa mtaa. Anaweza kutangaza kwamba mkutano wa maji ni Jumapili. Ni vigumu sana kwake kuuliza fedha za maji zimekwenda wapi. Swali la namna hiyo linahitaji chombo chenye nguvu ya kusimama mbali kidogo na wale kinaowaandika, na hapo ndipo redio, runinga na magazeti yanapoingia.

Redio ya serikali na Radio Katwe

Utangazaji rasmi wa redio nchini Uganda ulianza 1954, chini ya Waingereza. Runinga ya taifa ilifuata 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kwa miongo kadhaa sauti ilikuwa moja tu, ya serikali, na aliyeishika serikali aliishika na redio. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisoma redioni sababu 18 za kupinduliwa kwa Milton Obote, na nchi ikajua imeingia mikononi mwa Idi Amin. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala, tangazo la kuanguka kwa Amin lilitoka kwenye redio ileile. Tangazo kama hilo lilisikika tena Julai 1985, Obote alipopinduliwa kwa mara ya pili. Wasikilizaji wa kizazi kile walizoea kusikia redio ikiwasifu watawala leo na kuwalaani kesho kwa ari ileile.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuikataa yote. Matangazo ya vifo ya Radio Uganda yalisikilizwa kwa utulivu nyumba kwa nyumba. Mtu alipanda basi kwenda kuzika kwa kutegemea maneno ya redio tu, bila barua wala simu. Matangazo hayo yaliletwa na wafiwa wenyewe, yalilipiwa, na ukweli wake ulijulikana kaburini. Redio hiyohiyo iliposoma taarifa ya ushindi wa jeshi au ya mavuno mengi, wasikilizaji walitafuta uhakika kwingine: Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, au Radio Katwe, jina ambalo watu wa Kampala wameupa mtandao wa uvumi unaopita sokoni, kwenye teksi na kwenye baa. Imani haikuwa kitu kimoja cha kutolewa au kunyimwa. Msikilizaji aliigawa, habari kwa habari, kwa kadiri alivyoweza kuhakiki. Anafanya hivyo mpaka leo, na wahariri wanaoulizana kama umma unawaamini au hauwaamini wanauliza swali pana mno. Wajiulize unawaamini kwa lipi.

Radio Katwe nayo haikufa utangazaji ulipopanuka. Ilipata hata tovuti yenye jina hilo, iliyoandika tuhuma dhidi ya wakubwa, na Februari 2006, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, UCC iliamuru izuiwe.

Meza zilizokunjwa

Mlango wa utangazaji binafsi ulifunguliwa 1993, Sanyu FM na Capital Radio zilipoanza kurusha matangazo. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilikuja 1996. Leo nchi ina zaidi ya vituo 200 vya FM. Kilichowavuta watu katika miaka ile ya mwanzo, mbali na muziki, kilikuwa simu: mkazi wa kawaida aliweza kupiga studioni, akataja jina lake na mtaa wake, akamwambia waziri kwamba barabara yao haipitiki. Kwa nchi iliyozoea redio inayosema peke yake, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2000 Radio One ilianza kurusha moja kwa moja mjadala wa mwisho wa wiki kutoka Club Obbligato, kwenye barabara ya Old Port Bell. Watu waliketi kuzunguka meza, vinywaji mbele yao, wakajiandikisha kwenye orodha, na kila mmoja akapewa dakika zake chini ya mwenyekiti. Mijadala hiyo ikaitwa bimeeza. CBS ikaanzisha wake wa Kiluganda kule Mengo, ukipewa jina la Kiswahili, Mambo Bado. Redio nyingine zikafuata. Mtafiti Mfaransa Florence Brisset-Foucault, aliyeichunguza mijadala hiyo kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu kilichotoka 2019, ameonyesha jinsi washiriki walivyojiwekea taratibu kali za uzungumzaji, nidhamu, na hata vyama vyao. Haikuwa fujo ya walevi, kama wakosoaji wake walivyodai.

Thamani ya meza zile kwa imani ya wasikilizaji haikuwa katika hekima ya kila aliyesema. Wengi walisema upuuzi, na wasomi wengi waliwakejeli. Thamani yake ni kwamba mwongo alijibiwa palepale, mbele ya watu, na hakuweza kukata simu. Mbunge aliyedai shule imejengwa alikutana na mtu anayetoka kwenye kijiji cha shule hiyo. Msikilizaji wa nyumbani alisikia dai, akasikia na bishano, akapima mwenyewe. Hakuna mfumo wa kuhakiki habari uliobuniwa tangu wakati huo ambao umewashirikisha watu wengi kiasi kile kwa gharama ndogo kiasi kile.

Septemba 2009 serikali ilimzuia Kabaka Ronald Mutebi, mfalme wa Buganda, kufanya ziara Kayunga. Ghasia zikazuka Kampala na miji ya jirani, na makumi ya watu wakauawa, wengi kwa risasi za vyombo vya usalama. Serikali ilizilaumu redio kwa kuchochea. CBS, Suubi FM, Radio Sapientia na Akaboozi zilizimwa, na bimeeza zikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Meza hazikurudi. Palibaki mijadala ya ndani ya studio na simu za wasikilizaji, ambapo mzalishaji wa kipindi huamua nani asikike na kwa sekunde ngapi, na wapigaji walewale hutambulika kwa sauti kabla hawajataja majina.

Ni kweli kwamba redio inaweza kuua. Rwanda ya 1994 iko jirani mno kwa mtu yeyote wa Uganda kulisahau hilo, na mtangazaji anayetaja kabila la watu kwa chuki hastahili maikrofoni hata kwa dakika moja. Lakini sheria za uchochezi wa vurugu zilikuwepo, mahakama zilikuwepo, na mkosaji mmoja angeweza kushtakiwa kwa maneno yake. Kuifunga mijadala yote kwa makosa ya baadhi kuliwanyima wasikilizaji mahali pekee palipokuwa na desturi ya kumpinga mchochezi mbele ya hadhira yake. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na athari zake bado zipo.

Runinga inayofika uani

Upande wa runinga, mabadiliko makubwa yaliletwa na lugha. Taarifa za habari za Kiingereza za saa tatu usiku zilikuwa za ikulu, bunge na hoteli. Bukedde TV ya kampuni ya Vision Group ilipoanza 2009, taarifa yake ya saa nne usiku, Agataliiko Nfuufu, ilipeleka kamera uani: ugomvi wa kiwanja, mjane aliyefukuzwa na mashemeji, mwizi wa pikipiki aliyekamatwa, mvua iliyozoa vyumba. NTV na NBS nazo zina taarifa za Kiluganda zinazosubiriwa na familia nzima. Watu wa Kinawataka, ambao awali walionekana kwenye skrini wakati wa mafuriko au wa kipindupindu tu, walianza kujiona kama watu wenye kesi, wenye majina na wenye la kusema.

Ukaribu huo umejenga imani, kwa sababu mtazamaji anawajua watu wa aina ile na anajua mambo yale hutokea. Umeleta pia jeraha. Mshukiwa huonyeshwa uso kabla polisi hawajaandika maelezo yake. Mtoto aliyenajisiwa hufichwa macho kwa ukungu wa picha huku nyumba yake, mama yake na sare yake ya shule vikionekana wazi, na mtaa mzima ukamtambua. Mtu aliyeachiwa na mahakama miezi sita baadaye haendewi na kamera. Mtazamaji wa mbali huiona habari ya kusisimua. Jirani huona dhuluma, na jirani ndiye anayehesabu.

Kiluganda nacho hakiwafikii wote. Kambi za jeshi za Mbuya zina familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Banda na Kireka, upande wa pili wa barabara ya Jinja, wamekaa Waacholi wengi waliokimbia vita vya kaskazini. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu marekebisho ya 2005, na UBC, shirika la utangazaji la taifa, husoma habari kwa lugha hiyo. Lakini taarifa za dharura za wizara nyingi hutoka kwanza kwa Kiingereza. Mtu anayesubiri kutafsiriwa hupata habari ikiwa imeshapita kwenye vinywa vitatu, na kila kinywa kimeongeza chake.

Simu na giza lake

Simu imeunganisha kizindaalo, redio na Radio Katwe katika kifaa kimoja. Kundi la WhatsApp la mtaa hutangaza mtoto aliyepotea kama kizindaalo. Hurusha kipande cha mahojiano ya redio. Na kwa wakati uleule husambaza sauti ya mtu asiyejulikana akiapa kwamba kesho kutakuwa na amri ya kutotoka nje. Mpokeaji huiamini kwa sababu ametumiwa na shemeji yake, na shemeji ndiye anayeaminiwa, aliyeitunga hajulikani. Waghushi wameitambua njia hiyo, ndiyo maana mara nyingi hawatumii majina yao. Hutengeneza picha yenye nembo na rangi za NBS, NTV au gazeti la Daily Monitor, wakaandika humo kauli ambayo waziri hakuitoa. Vyombo hivyo hulazimika kuirusha upya picha hiyo ikiwa imepigwa muhuri mwekundu wa kuikana. Muhuri hufika baada ya uongo, na kwa watu wachache zaidi.

Dawa ya kawaida ni kuhakiki. Shirika la PesaCheck la Nairobi huchunguza madai yanayosambaa Uganda pia, na vyumba vya habari vya Kampala vimejifunza kutafuta asili ya picha. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini inategemea msikilizaji awe na intaneti, na hapo serikali yenyewe imevuruga mambo. Julai 2018 ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Kwa muuza ndizi wa Kinawataka hiyo ni fedha ya kuhesabu. Mwaka wa kwanza Mamlaka ya Mapato ilikusanya bilioni 49.5 badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa, kwa sababu watu walitumia VPN au waliacha. Julai 2021 kodi hiyo ilibadilishwa na tozo ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya data, ambayo hakuna VPN inayoikwepa.

Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na kituo kilicho chini ya Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kwa kosa la kutumia majina bandia kuipigia serikali debe. Rais Yoweri Museveni akajibu kwa kuifunga Facebook nchini, na miaka minne baadaye ilikuwa bado haijafunguliwa. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa 14 Januari intaneti yote ilizimwa kwa siku tano hivi. Katika siku zile ambazo mwananchi alihitaji kuhakiki kuliko wakati wowote, aliachiwa redio, runinga na minong'ono.

Kilichofuata kilikifanya kilima cha Mbuya kitajwe nchi nzima. Vijana, wengi wao wafuasi wa mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, walichukuliwa na watu wenye silaha waliotumia magari madogo ya abiria yasiyo na namba. Mama zao na wake zao walizunguka vituo vya polisi na kambi za jeshi, Mbuya ikiwemo, wakiuliza. Majina yalianza kusambaa kwenye simu wiki nyingi kabla ya taarifa yoyote rasmi, na yakaitwa uzushi. Kisha tarehe 4 Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani, Jeje Odongo, akaweka mezani bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wameshikiliwa. Familia nyingi zilisema ndugu zao hawamo.

Tukio hilo lilifundisha somo baya. Mtu wa Kampala aliona kwamba kilichoitwa uzushi kilikuwa kweli, na waliokikanusha hawakuomba radhi. Baada ya hapo, kumwambia asiamini kila anachotumiwa kwenye simu ni kumwomba afanye jambo ambalo uzoefu wake unalikataa. Uongo wa mitandaoni hustawi pale ambapo ukweli rasmi huchelewa, na ucheleweshaji huo ni uamuzi wa watu wenye ofisi.

Fedha na fimbo

Vyombo vya habari vyenyewe havijabaki safi. Waandishi wengi wa mitaani na wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja, malipo yasiyotosha hata nauli. Anayeandaa mkutano huwapa fedha ya usafiri ndani ya bahasha, na habari hutoka jinsi mwenye bahasha anavyopenda. Vipindi vya redio huuzwa kwa wanasiasa, waganga na wahubiri bila msikilizaji kuambiwa kwamba saa hiyo imenunuliwa. Hakuna jambo linalodhoofisha imani polepole na kwa hakika kama hilo, maana msikilizaji si mjinga: akisikia sifa zisizo na swali kwa saa nzima, anajua zimelipiwa, na huihesabu taarifa ya habari inayofuata katika fungu hilohilo. Machi 2023 Rais aliagiza matangazo yote ya serikali yapelekwe UBC, na vituo binafsi vilivyotegemea matangazo hayo vikazidi kuwa dhaifu mbele ya mwenye kununua.

Fimbo ipo pia. Tarehe 30 Aprili 2019 UCC iliviamuru vituo 13 viwasimamishe kazi watu 39, wahariri na wazalishaji, kwa jinsi walivyotangaza kukamatwa kwa Bobi Wine. Tarehe 17 Februari 2021 askari wa polisi ya jeshi waliwapiga waandishi waliokuwa kazini nje ya ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu, Kololo. Jeshi liliomba radhi, na baadhi ya askari wakafungwa. Tarehe 13 Machi 2025, katika uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, waandishi walipigwa tena, na kampuni ya Nation Media Group ikawaondoa watu wake uwanjani kabla ya kura kuhesabiwa. Mwandishi anayeondolewa kwenye kituo cha kura anaondoka na macho ya wasikilizaji wake.

Mahakama za Uganda zimesimama imara kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Januari 2023 ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichowafunga watu kwa kuudhi wakubwa mitandaoni. Ushindi huo ni wa msikilizaji kama ulivyo wa mwandishi.

Njia iliyojaribiwa kilimani

Taasisi za utafiti hupima imani kwa asilimia. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya Oxford ya 2024 iliikuta Finland na asilimia 69 ya watu wanaoamini habari nyingi, Kenya 64, na wastani wa nchi zote 47 zilizopimwa ni 40. Uganda haimo. Hata Kenya, walioulizwa ni watu walio mtandaoni, hasa wanaosoma Kiingereza. Mtu wa kizindaalo hakuulizwa.

Mbuya ina kipimo chake chenyewe. Mwaka 2001, katika parokia ya Mama Yetu wa Afrika, Padre Joseph Archetti na daktari Margrethe Juncker walianzisha Reach Out Mbuya kuwahudumia maskini wenye virusi vya UKIMWI. Uvumi ulikuwa mwingi wakati ule kuhusu ugonjwa, dawa na waganga. Mpango huo uliwafundisha wagonjwa wenyewe waliokuwa kwenye matibabu, ukawatuma nyumba kwa nyumba kwa majirani zao. Mhudumu alirudi wiki iliyofuata, akaulizwa, akajibu. Asilolijua alikwenda kumuuliza daktari na akarudi na jibu. Watu waliamini dawa kwa sababu walimwona jirani aliyekuwa kitandani sasa akitembea, na kwa sababu aliyewapa habari hakuwakimbia maswali yao.

Chumba cha habari kinaweza kufanya vivyo hivyo bila mtambo mpya. Daily Monitor ina mhariri wa umma anayepokea malalamiko ya wasomaji na kuyajibu kwa maandishi, hata dhidi ya gazeti lake. Hakuna sababu ya maana inayozuia kila kituo cha redio na runinga kuwa na mtu kama huyo, mwenye dakika 15 hewani kila wiki, saa ileile wanayosikiliza wengi, akisahihisha makosa kwa lugha iliyotumika kuyatangaza. Kipindi kilicholipiwa kitajwe hivyo mwanzo na mwisho. Mwandishi wa Kinawataka alipwe mshahara, ili bahasha isimtawale. Na serikali iifungue Facebook na iruhusu watu wakae tena mezani wabishane hewani. Miaka iliyopita tangu 2009 haijaleta ushahidi kwamba ukimya umeifanya nchi iwe na habari za kweli zaidi.

Msomaji naye ana haki asiyoitumia vya kutosha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia wa Uganda haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya serikali, na ofisi hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Mkazi wa Mbuya anayetaka kujua fedha za mtaro wa Kinawataka zilikwenda wapi anaweza kuandika ombi hilo mwenyewe, akabaki na nakala, na jibu atakalopata, au ukimya, akalipeleka redioni.